Lifti Isiyochukua Nafasi

Wageni wakija nyumbani kwangu Ndosho, hapa Goma, kabla hawajakaa huuliza habari za lifti. Wanataka kuiona, wanataka kubonyeza kitufe, wengine hupiga picha. Nyumba iliyobanwa katikati ya mafundi seremala na wauza mkaa, halafu ndani yake kuna asanseri kama ya hoteli: lazima watu waseme. Nami huwaeleza yote. Haihitaji kuchimbiwa shimo, haihitaji chumba cha mashine juu ya paa, inatosha kwenye kona ya mita moja kwa mita moja, na umeme ukikatika inashuka yenyewe polepole kwa betri. Nimeuza vitenge tangu usichana wangu, hakuna kitu nisichoweza kukisifia. Wasichoniuliza ni nani alikuwa analala kwenye kona ile kabla ya lifti.

Kiwanja changu ni kidogo. Nilipokinunua kilikuwa jiwe tupu la volkano, jeusi na lenye ncha, na kwa kuwa sikuweza kupanuka kwenda kwa jirani nilipanda juu. Chini niliweka duka upande wa barabara na depo, yaani ghala, ya marobota ya vitenge nyuma yake. Katikati tulikaa mimi, mume wangu na binti yetu wa mwisho. Juu kabisa nilimweka mama yangu, nilipomleta kutoka Butembo baada ya kaka yangu, mwanawe wa kiume wa pekee, kuuawa njiani.

Mtu wa mji mwingine angeshangaa: kikongwe anawekwaje juu? Lakini sisi wa Goma tuna akili yetu. Tuliona lava ikiingia mjini na kujaza nyumba za watu hadi madirishani, na waliokuwa na ghorofa wakawa wanatoka barabarani moja kwa moja kuingia chumba cha juu. Na kila vita vikija, waporaji huanza na mlango wa chini. Kwa hiyo kitu cha thamani hapa hupandishwa. Televisheni ilikuwa juu, sanduku la hati lilikuwa juu, na mama naye nikamweka juu, penye jua na dirisha la kuona ziwa kwa mbali. Niliamini nimempa heshima.

Ngazi nilizibana mimi mwenyewe. Fundi aliniuliza kabati itapitaje, nikamjibu kabati itapanda vipande vipande, yeye anipe nafasi ya depo. Vikatoka vidato thelathini na nane na kona mbili kali. Mama alivipanda kwa miguu yake siku ya kwanza, rozari mkononi, akinitania kwamba nimemjengea karibu na mbinguni ili nauli isiwe kubwa.

Mwaka wa pili upande wake wa kushoto ulikufa ganzi. Kumpeleka hospitali niliwaita vijana wanne wa ujenzi kutoka kiwanja cha jirani, wakambeba kwenye kiti cha plastiki. Kwenye kona ya pili mmoja aliteleza, mama akaanguka, mfupa wa bega ukavunjika. Aliporudi alipandishwa vilevile, analia na kuomba Mungu kila kidato. Alipolazwa kitandani alisema hatabebwa tena na mikono ya watu asiowajua, na nikakubali, kwa sababu mimi ndiye niliyewaita.

Mkono aliokuwa anaujua ulikuwepo. Mume wangu amebeba simenti ujana wake wote na mpaka leo ana mgongo mpana. Lakini huyo ni mkwe. Kwetu mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Kwa miaka yote ya ndoa yetu alimsalimia mama akiwa nje ya mlango, macho chini, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeacha njia. Mama naye alijifunika kichwa akisikia tu kikohozi chake. Wala haikutupitia akilini kuuliza. Kama ungeniambia mkwe ambebe mama mkwe mgongoni ningecheka, halafu ningekasirika.

Mama aliishi hivyo, juu, bila kulalamika sana, hadi mdogo wake alipofika.

Mama mdogo aliolewa Rutshuru, akazeekea huko kwenye mashamba ya maharage. Barabara ilipofungwa na vita, dada hawa wawili hawakuonana tena. Siku vita vilipoingia kijijini kwake alikimbia na mke wa marehemu mwanawe na wajukuu wawili, wakapanda pikipiki moja, pikipiki ikaanguka, nyonga ikaharibika. Alimalizia safari kwa fimbo. Alipofika kwangu hakuweza kuinua mguu kupanda hata kidato kimoja. Nikawasogezea marobota ya vitenge, nikaweka godoro kwenye kona ya depo, akalala hapo, mkwewe na wajukuu kando yake.

Basi nilikuwa na dada wawili ndani ya nyumba moja, mmoja hawezi kushuka na mwingine hawezi kupanda, na mume wangu ni mkwe wa wote wawili. Walisalimiana kwa sauti kupitia ngazi. Kila asubuhi mama aligonga chuma cha kitanda kwa kijiko mara tatu, na kutoka chini mama mdogo akajibu kwa fimbo yake kwenye mlango wa depo. Walipiga kelele kwa Kinande, wakisahihishana habari za watu waliokufa zamani, na wateja dukani walidhani kuna ugomvi.

Tangu utoto walikula sahani moja. Mama hakuona sababu ya kuacha. Kila mchana aligawa ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nusu kwa nusu, akaweka nusu moja kwenye sahani yake ya bati yenye maua mekundu, akanipa niishushe. Chini mama mdogo alikula yote, kwa sababu kwao kubakiza chakula cha dada ni kumwambia humtaki. Kisha sahani ilipanda ikiwa na kitu kidogo ndani: ndizi moja, njugu, hata jani la mchaichai. Haikupanda tupu hata siku moja.

Siku moja mama alinishika mkono kwa ule wake mzima. "Nimesikia sauti yake miezi yote hii," akasema. "Mi nataka kuona sura. Unishushe mara moja tu, nimuone, basi."

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta lifti. Nilifurahi hata, nakiri. Ombi la mama likawa bidhaa, na bidhaa naijua. Mwanamke ninayenunua kwake vitenge Dubai aliniunganisha na muuzaji, na kwa majuma kadhaa simu yangu ilijaa picha. Kulikuwa na lifti za kamba za chuma, imara kweli, lakini zinataka shimo refu chini na chumba cha mashine juu. Fundi wangu alijaribu shimo. Alipiga mtaimbo kwenye lava siku nzima, jioni akanionyesha beseni moja la vipande. Kulikuwa na za mafuta, tulivu, nazo zinataka shimo na kabati la pampu. Kulikuwa na bomba la kioo linalomvuta mtu juu kwa hewa, zuri kama la sinema, bei yake ikanifanya nicheke peke yangu. Kiti cha kuteleza kwenye reli kando ya ngazi kingekuwa rahisi kuliko vyote, ila ngazi zangu nilizibana mno, kiti kikifunguliwa hakuna anayepita.

Ya mwisho ilikuwa ya skrubu. Nguzo moja ya chuma yenye meno, na jukwaa dogo linalopanda juu yake taratibu kama nati kwenye bolti. Inakaa juu ya sakafu bila shimo, inakula umeme wa kawaida wa nyumba, mtu anakaa ndani kwenye kigoda. Bei niliiweza. Niliipenda zaidi kwa sababu haikutaka nafasi. Niliwaambia watu hivyo sokoni kabla hata haijapakiwa melini: mita moja kwa mita moja, haichukui nafasi.

Fundi alipima nyumba nzima kutafuta mahali ambapo tungeweza kutoboa sakafu zote mbili bila kugusa nguzo wala boriti. Palipatikana mahali pamoja tu. Juu ilikuwa karibu na kitanda cha mama. Katikati ilikuwa pembe ya jiko langu. Chini ilikuwa kona ya depo, pale penye godoro la mama mdogo. Tena si kusogeza godoro tu. Zege lingeanguka vipande, vumbi lingejaa, depo yote ilitakiwa kuwa wazi majuma matatu.

Marobota nikayahamishia dukani, yakajaa hadi dari. Watu wanne waliobaki depo nikawatazama.

Hili nimelirudia kichwani mara nyingi, kwa hiyo naliandika bila kujipendelea. Ningeweza kufunga duka majuma matatu. Ningetoa marobota kwa jirani, nikamtandikia mama mdogo dukani. Nilifikiria, na nikaona wateja watakwenda kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara na hawatarudi. Kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilikuwepo, nusu ya kijiji chake ilikuwa pale, na mkwewe, mke wa marehemu mwanawe, alikuwa tayari na karatasi ya kupewa turubai na maharage. Nilijiambia watapata watu wa kwao wa kuzungumza nao.

Nilipomweleza, mama mdogo alicheka. "Weka asanseri yako, mutoto wangu," akanijibu. "Mi nimetoka Rutshuru na mguu huu. Mugunga iko mbali wapi?"

Mama hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, akageukia ukutani. "Nilikuomba kushuka juu ya kumuona yeye," akasema. "Sasa nikishuka nitaona nani?" Nikamwambia ni majuma matatu tu, atarudi, kona nyingine ya depo inamtosha. Nikamwambia awe na subira. Nilikuwa na haraka, gari la kuwapeleka lilikuwa linanisubiri na dereva alipiga honi.

Mafundi walitoboa kwa siku nne. Walipomaliza kufagia, kulikuwa na tundu la mraba kutoka chumba cha mama hadi sakafu ya depo, limezungushiwa mbao ili mtu asitumbukie. Mama aliomba kitanda chake kisogezwe. Kutoka kwenye mto aliweza kutazama chini moja kwa moja, akaona sakafu nyeusi ya depo na mwanga kidogo kutoka mlangoni. Palikuwa ni pale pale. Mama mdogo angekuwa amelala pale wangetazamana macho kwa macho, bila lifti yoyote, bila kunigharimu hata bei ya sabuni. Niliona hilo siku ileile. Niliona pia jinsi mama anavyopatazama.

Ningemrudisha wakati huo. Vumbi lilikuwa limekwisha, kazi iliyobaki ilisubiri mashine tu. Lakini muuzaji alikuwa amenipigia kwamba kreti zimeshavuka bandari, na mimi ni mfanyabiashara: kuhamisha mzigo leo na kuuhamisha tena juma lijalo ni hasara na usumbufu. Nikasema lifti ikifungwa, ndipo nimlete, mara moja tu. Nilimfikiria mtu aliyeninywesha uji utotoni kwa hesabu za marobota. Najionea aibu kuandika hivi, na aibu hiyo ni yangu kweli.

Kreti zikakwama mpakani. Kwanza karatasi, kisha barabara, kisha watu walianza kusema vita viko Sake, mbele kidogo ya Mugunga. Majuma matatu yakawa miezi miwili. Kila Jumapili nilikwenda Mugunga kwa pikipiki na sahani ya bati ya maua mekundu nimeifunga kwenye kitambaa, nusu ya chakula cha mama ndani. Mama mdogo alikuwa anakaa chini ya turubai jeupe, juu ya mawe yaleyale ya volkano, ametandika majani ya mikaratusi na blanketi. Usiku baridi inapanda kutoka kwenye jiwe. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa. Nilimnunulia dawa ya kikohozi na soksi za sufu. Alikula chakula chote, taratibu, akipumzika katikati, kisha akamwambia mkwewe atafute cha kuweka kwenye sahani. Hakukuwa na kitu. Nikamwambia mama yangu ataelewa, lakini alikataa kunirudishia sahani tupu. Akasema nitaichukua Jumapili ijayo.

Jumapili iliyofuata hakuna pikipiki iliyokubali kwenda upande ule. Mizinga ilianza alfajiri, madirisha yakawa yanatetemeka, na watu wa Mugunga waliokuwa mjini wakashindwa kurudi. Tulilala chini ya vitanda siku tatu. Mama alibaki juu, chini ya bati tu, na binti yangu akakataa kumwacha. Niliwapigia kelele kupitia tundu, nao wakanijibu. Kwa simu ya mkwe wa mama mdogo nilijaribu mara nyingi nisizozikumbuka. Haikuita.

Siku ya nne bunduki zilinyamaza, na barabara ya Sake ikajaa watu wanaoingia mjini na magodoro vichwani. Nilikuwa mlangoni mwa duka nikitafuta nyuso. Niliwaona wajukuu kwanza. Nyuma yao mama yao, na nyuma yake wanaume wawili wa kijijini kwao wanasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Juu ya chukudu palikuwa na turubai jeupe limefungwa kwa kamba. Mkwewe alikuwa ameshika sahani ya bati kifuani kwa mikono miwili. Aliniambia ni kifua, si risasi. Alikohoa siku mbili mfululizo, hakuna aliyeweza kutoka kutafuta daktari, na usiku wa tatu akatulia.

Sikujua pa kumweka. Duka lilijaa marobota hadi dari. Tukamwingiza depo, tukamlaza sakafuni mahali pake, kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi, na mkwewe akamfunua uso ili tumuoshe.

Nilikuwa nimesahau tundu.

Juu kijiko kiligonga chuma cha kitanda. Mara tatu. Kikagonga tena mara tatu. Niliinua macho nikaona uso wa mama pembeni mwa mbao, mbali, mdogo, unatazama chini. Hakupiga kelele. Aliita jina la utoto la mdogo wake, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa depo. Alivua viatu. Alinipita, nikasikia miguu yake mitupu kwenye ngazi, nami nikamfuata mbio, nikidhani anakwenda kuziba tundu kwa shuka mama asione. Alipofika aliingia chumbani, chumba ambacho hakuwahi kuvuka kizingiti chake, akapiga magoti kando ya kitanda akiwa amempa mgongo.

"Mama, unisamehe," akamwambia. "Shika shingo yangu."

Mama hakujifunika kichwa. Alipitisha mkono wake mzima shingoni mwa mkwewe, mimi nikamfunga kwa kitenge kama mtoto, akainuka naye. Alikuwa mwepesi. Nilitangulia mbele yao nikishuka kinyumenyume, mikono nimeinyoosha, na sijui kwa nini nilihesabu vidato kwa sauti. Kwenye kona mume wangu aligeuka ubavu, kisigino cha mama kikagusa ukuta kidogo, tukaendelea. Thelathini na nane. Haikuchukua hata dakika tano.

Chini alimweka sakafuni, polepole, kando ya mdogo wake. Mama alimgusa paji la uso, akamgusa nywele zilizokuwa nyeupe na ambazo hakuwahi kuziona nyeupe. Kisha akatazama ngazi, akamtazama mume wangu aliyekuwa amegeuza uso ukutani analia, na mwisho akanitazama mimi.

"Kumbe ni hivi tu?" akauliza.

Nikaenda kuchota maji ya kumuoshea mdogo wake.

Kreti zilifika baada ya mazishi. Fundi aliuliza kama bado nataka, nikamwambia funga, kwa sababu tundu lilikuwa pale na sikuweza kulitazama. Mashine inafanya kazi vizuri, sina neno nayo. Inapanda kimya, inashuka kimya. Mama amekataa kuingia ndani yake; mume wangu ndiye aliyemrudisha juu, mgongoni. Mkwe wa mama mdogo na watoto sasa wanalala dukani, nusu ya marobota nimeyauza na mengine nimeyaacha yaende kwa bei ya hasara.

Mchana chakula kikiwa tayari, mama humega ugali nusu kwa nusu. Huweka nusu kwenye sahani ya bati ya maua mekundu, humwomba binti yangu aiweke ndani ya lifti, na yeye mwenyewe hunyoosha fimbo ya mdogo wake kubonyeza kitufe. Mimi husimama depo kuipokea. Sahani inateremka peke yake kwenye lile jukwaa, taratibu, ikiwa bado na mvuke. Nakaa sakafuni kwenye kona ile na kula yote, hata siku nisiyokuwa na njaa. Kisha natafuta cha kuweka ndani yake kabla sijaipandisha.